Malezi ya Mabinti Katika Chumba Kimoja: Funzo Kutoka Laini Saba

Katika makala haya nimekusudia kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu tunalijua kwa sababu tumelipitia, lakini ni nadra sisi kulitia kwenye karatasi. Jambo lenyewe ni malezi ya watoto wa kike katika nyumba zetu za Laini Saba, hapa Kibera. Sitasimulia yale ya kutisha ambayo wageni huja kuyapiga picha. Nitasimulia siku ya kawaida: maji, uji, sare, kitabu, sufuria na usingizi.

Hoja yangu ni moja tu. Kwetu sisi, msichana huanza kulea kabla hajamaliza kulelewa. Hilo si kosa la mama yeyote, wala si aibu. Lakini tukitaka msichana huyo asome kama mwenzake wa kiume, lazima kazi ya nyumba igawanywe. Nitajaribu kuthibitisha hoja hii hatua kwa hatua.

Kwanza, tujue maana ya kulea

Chama chetu ni cha Kiswahili na si cha porojo, basi tuanze na maneno. Kutokana na kitenzi "lea" tunapata malezi, mlezi, lelewa na lelea. Wengi hudhani mlezi na mzazi ni neno moja. La hasha! Mzazi ni aliyezaa, mlezi ni anayelea. Ndiyo maana ripoti zetu za shule huandikwa "Sahihi ya mzazi au mlezi". Na ukichunguza ripoti za wanafunzi wa mitaa yetu, utakuta kuna zilizotiwa sahihi na dada mkubwa, ambaye mwenyewe bado anavaa sare.

Pili, kulea si kufuga. Kuku hufugwa: unampa chakula, unamfungia jioni, yamekwisha. Mtoto hulelewa, yaani analishwa, analindwa na pia anafunzwa. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huko pwani kuna neno zito zaidi, kufunda. Mwari hufundwa na kungwi au na somo wake. Je, ulijua kwamba neno "somo", ambalo sisi tunalijua kama kipindi cha darasani, pwani pia ni jina la mwanamke anayemfunda msichana? Kwa hivyo katika lugha yetu, darasa na malezi vimekaa ndani ya neno moja.

Mfano mashuhuri ni Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate. Mnamo mwaka wa 1858, akiwa mgonjwa, Mwana Kupona alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa mawaidha. Ndani yake alimwelekeza kuhusu dini, adabu, mume na nyumba. Baadhi ya mawaidha hayo wasichana wa leo huyajadili kwa ukali, na ni haki yao. Hata hivyo kuna jambo moja la kumsifu nalo. Mama yule aliona kwamba akili ya binti yake inastahili kazi ya kalamu, si kazi ya ufagio peke yake.

Tena kuna methali ambayo nitaitumia hadi mwisho: mkono mmoja haulei mwana. Swali ni hili: mkono wa pili ni wa nani?

Mahali tunapolelewa

Laini Saba ni mojawapo ya vijiji vya Kibera, na pia ni jina la wadi katika eneo bunge la Kibra. Kibera ilianza na Wanubi, askari wenye asili ya Sudan waliolitumikia jeshi la Waingereza lililoitwa King's African Rifles. Walipewa makao hapa mwanzoni mwa karne ya 20. Kibra katika lugha yao ni msitu. Wazee husema kwamba jina Laini Saba linatokana na uwanja ambamo askari hao walikuwa wakijifunza kulenga shabaha. Leo msitu umekwisha, na badala ya miti kuna mabati.

Baada ya Wanubi walikuja watu wa kila kabila. Ndiyo sababu katika ploti moja mtoto hujifunza majina mengi ya nyanya. Mlango huu nyanya ni dani, mlango ule ni kukhu, wa tatu ni susu, na wa nne ni shosho. Msichana mdogo akilia, yeyote kati ya hao anaweza kumwita na kumfuta machozi, na akikosa adabu, yeyote kati yao anaweza kumkaripia. Hili ni jambo jema ambalo watu wa nje hawalioni. Katika nyumba kubwa zenye lango na mbwa, mtoto ana mama mmoja na labda yaya. Kwetu ana ploti nzima.

Chumba cha kawaida ni futi kumi kwa kumi. Ukuta ni wa udongo ama mabati. Pazia ndilo hugawanya nyumba: upande mmoja kitanda cha wazazi, upande wa pili kochi, meza, jiko na ndoo za maji. Usiku meza husogezwa, watoto wanatandikiwa hapo chini. Mtoto wa kiume akianza kubalehe, mara nyingi hutafutiwa pa kulala kwa binamu ama rafiki. Msichana hubaki. Kwa hivyo, msomaji, huyo anayebaki ndiye anayeziona kazi zote za nyumba, za usiku na za alfajiri, na ndiye anayeitwa kwanza.

Siku moja katika nyumba moja

Nitatumia nyumba ninayoijua vizuri kuliko zote, yaani yetu. Tuko sita. Kuna baba, mama, mimi kifungua mimba, ndugu yangu wa miaka 13, mdogo wangu wa kike wa miaka 10, na kitinda mimba wetu wa miaka mitano, ambaye pia ni msichana. Mama huitwa na majirani kwa jina langu, kama ilivyo desturi ya ploti. Mimi ndimi niliyempa jina, naye akanipa kazi!

Saa kumi na moja alfajiri baba hushika njia ya reli kwa miguu kuelekea eneo la viwanda. Mama hutoka saa kumi na mbili kwenda kufua nguo katika mitaa ya wenye nafasi. Akichelewa, anapata mwenzake ameshachukua kibarua. Kuanzia hapo nyumba ni ya watoto. Uji unachemshwa. Kitinda mimba anaamshwa, anaoshwa uso, anavalishwa sweta ambayo kila asubuhi imepotea kiatu chake kimoja kikiwa ndani ya mkono wake. Wa miaka 10 anatafutiwa kitabu cha kazi ya ziada. Kisha nyote mnatoka, mlango unafungwa kwa kufuli, ufunguo unaachwa kwa jirani.

Jioni kuna maji. Mtungi ni wa lita 20, na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, mtungi ni kilo 20 kichwani ama mgongoni. Sisi tunatumia mitungi minne kwa siku, yaani lita 80. Gawanya kwa watu sita, utapata lita 13 na kidogo kwa kila mtu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu anahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku. Maji ya kunawa uso hayamwagwi, yanaoshea miguu. Ya kusuuza nguo yanaoshea sakafu. Mtoto wa kike wa Laini Saba hujua hesabu ya kugawanya kabla hajafundishwa shuleni.

Baada ya maji kuna kusukuma jiko, kusonga ugali, kukata sukuma wiki, kuosha vyombo, kumwogesha mdogo na kufua soksi. Ukijumlisha saa moja ya asubuhi na saa mbili za jioni, hizo ni saa tatu kwa siku. Kwa siku tano ni saa 15. Kwa muhula wa majuma 12 ni saa 180. Kipindi chetu cha darasani ni cha dakika 40, kwa hivyo saa 180 ni sawa na vipindi 270. Kiswahili tuna vipindi sita kwa juma, basi vipindi 270 vingetosha majuma 45 ya Kiswahili! Rudia hesabu hiyo polepole kisha uniambie kama msichana anayefeli ni mvivu.

Darasa la Jumapili

Usidhani basi kwamba malezi yetu ni kazi tupu. Jumapili alasiri ukipita kwenye ploti zetu utaona darasa ambalo halina ubao. Mama ameketi juu ya kigoda, binti ameketi chini, kichwa katikati ya magoti ya mama, kitana na mafuta kando. Hapo ndipo kusuka, na hapo ndipo kufunda. Kichwa kikiwa magotini pa mama, hakuna pa kukimbilia. Mama anauliza juu ya shule, juu ya rafiki mpya, juu ya yule kijana wa dukani anayezidisha peremende bila kulipwa. Anaeleza mambo ya mwili na ya hedhi polepole, bila haya. Msitari wa mwisho ukimalizika, binti amejua mengi kuliko alivyotegemea.

Kwa Wanubi walioko Makina, mabinti pia hufundishwa na nyanya zao kusuka tabaga, zile sinia za rangi za kufunikia chakula. Mkono unasuka, mdomo unafunza. Njia ni ile ile.

Kuna na michezo. Wasichana wadogo hucheza kati, huruka kamba, tena hucheza kalongolongo, yaani kujifanya wana nyumba, wakipika mchanga katika mikebe. Ukitaka kujua unavyolea, keti uwatazame wakicheza kalongolongo. Kitinda mimba wetu alikuwa kila siku anajipa kazi ya kubeba mtungi, na mwanasesere wa matambara mgongoni. Aliyekuwa "baba" alikuwa amelala tu, akingoja chakula. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno. Aliona.

Usiku na hatari zake

Kuna jambo ambalo siwezi kulikwepa. Vyoo vya ploti ni vya pamoja, na vingine viko mbali na mlango. Giza likiingia, msichana haendi peke yake. Mama huenda naye, ama dada mkubwa, tochi mkononi, ama hutumiwa ndoo ndani ya nyumba. Malezi ya binti kwetu yana ulinzi mwingi: asitumwe dukani usiku, asikubali kushikwa mkono na mtu asiyemjua, aseme mara moja akiguswa vibaya. Nasisitiza hilo la kusema. Binti aliyezoea kunyamazishwa nyumbani atanyamaza hata siku anapopaswa kupiga kelele. Kwa hivyo mzazi anayemsikiliza binti yake juu ya mambo madogo anamjengea ukuta kuliko ule wa mabati.

Mikono mingine

Sasa turudi kwa methali yetu. Mkono wa pili ni wa nani? Baadhi ya mikono iko nje ya nyumba. Serikali ilianzisha elimu ya msingi bila malipo mnamo Januari 2003, na wasichana wengi waliokuwa wakibaki nyumbani walipata nafasi. Mwaka wa 2004 kodi ya sodo iliondolewa, na mwaka wa 2017 sheria ya elimu ya msingi ikarekebishwa ili wasichana wa shule za umma wapewe sodo bure. Hapa Kibera, mpango wa Binti Pamoja ulianza mwaka wa 2002 ili wasichana wawe na mahali salama pa kukutana na kuzungumza. Nayo Kibera School for Girls ilifunguliwa mwaka wa 2009 na shirika la SHOFCO, lililoanzishwa na Kennedy Odede, mtu aliyekulia papa hapa Kibera. Katika shule hiyo wazazi hawalipi karo, bali huchangia kwa kazi za mikono. Hapo, unaona, shule imetambua kwamba mzazi asiye na pesa bado ana mikono.

Lakini mkono ulio karibu zaidi uko ndani ya chumba, na mara nyingi umekaa tu. Namaanisha baba na ndugu wa kiume. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, ibara ya 53, inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi, na kwamba mama na baba wana jukumu sawa la kumtunza, wawe wameoana ama hawajaoana. Sawa! Neno hilo halikuandikwa kwa ajili ya mtihani wa Historia pekee.

Kwetu nyumbani mambo yalibadilika mwaka jana. Mama alichukua kalenda kuukuu, akaigeuza nyuma, akachora ratiba. Ndugu yangu alipewa mitungi miwili kila jioni na vyombo siku tatu za juma. Baba alipewa kumwogesha kitinda mimba Jumamosi na Jumapili na kukagua madaftari. Jirani mmoja aliona ndugu yangu kwenye foleni ya maji akaja mbio.

"Mama, huyu kijana unamfanya msichana sasa."

Mama hakuinua macho kutoka kwa karai. "Kwani yeye hanywangi maji?"

Jirani alicheka mpaka akaketi. Ndugu yangu hakucheka, lakini alibeba. Tangu siku hizo nimepata saa moja na nusu ya kusoma kila jioni, na mdogo wangu wa miaka 10 amepata nusu saa ya kusomewa hadithi. Huo ndio muda ambao nimeandikia makala haya.

Pingamizi na jibu lake

Wazee watasema, "Kazi humfunza msichana. Asiyejua jiko ataolewa na nani?" Wazee wetu, nawaheshimu, na upande mmoja naafikiana nanyi. Kazi hufunza kweli. Humfunza mtu subira, usafi na kuhesabu. Lakini ikiwa kazi ni mwalimu mzuri hivyo, mbona tunamnyima mtoto wa kiume mwalimu huyo? Kijana asiyejua kupika ataenda kusoma mbali, na huko atakula nini? Samaki mkunje angali mbichi, na samaki ni wa kike na wa kiume.

Wengine watasema kwamba baba hana muda kwani hurudi usiku akiwa amechoka. Ni kweli. Hata mama hurudi amechoka. Kumuuliza binti, "Leo umesoma nini?" hakuchukui dakika tano, na binti anayeulizwa na babake hutembea tofauti siku inayofuata.

Tamati

Kwa muhtasari, tumeona kwamba kulea si kufuga, kwamba katika chumba kimoja dada mkubwa hufanywa mlezi angali mtoto, na kwamba saa zake ndizo hulipia malezi ya wengine. Tumeona pia kwamba tiba ya kwanza haihitaji pesa. Inahitaji kalamu, mgongo wa kalenda, na mama ama baba mwenye msimamo. Chumba hakitaongezeka leo wala kesho, lakini muda unaweza kugawanywa hata katika futi kumi kwa kumi.

Wewe kijana unayesoma haya, leo jioni uchukue mtungi kabla hujatumwa. Wewe dada, usione haya kuomba saa yako ya kusoma. Omba kwa adabu, lakini omba.

Maswali ya kujadili chamani

1. Eleza tofauti kati ya mzazi, mlezi na yaya. Toa mfano wa kila mmoja kutoka ploti yenu.
2. Neno "somo" lina maana ngapi? Zitungie sentensi.
3. Andika kazi zote zilizofanywa nyumbani kwenu jana kuanzia alfajiri hadi usiku. Mbele ya kila kazi andika nani aliifanya, kisha hesabu saa za wasichana na za wavulana.
4. "Mkono mmoja haulei mwana." Jadili ukirejelea nyumba yenye baba asiyekuwepo.
5. Ukiwa Mwana Kupona wa leo, ungemwandikia binti yako mawaidha gani matatu? Na mwanao wa kiume je?

Wasalaam, na tukutane katika toleo lijalo, Mungu akipenda.

Mwandishi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa.